Namna ya Kuanzisha Jarida la Fasihi Dodoma na Likadumu

Haupiti mwaka bila vijana wawili watatu kuja kuniona, ama shuleni ama jioni pale Nyerere Square, na wazo lilelile: wanataka kutoa jarida la hadithi na mashairi hapa Dodoma. Jina wanalo. Picha ya gamba ipo kwenye simu. Wanachotafuta ni mfadhili. Huwaambia waiweke simu pembeni kwanza, kisha nawasimulia habari za jarida la Kituruki liitwalo Varlık. Toleo lake la kwanza lilitoka Ankara tarehe 15 Julai 1933, na mpaka leo linatoka. Nikishamaliza ndipo tunaanza kuzungumza kazi. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, ili na walioko Kondoa, Manyoni au Singida wayapate bila kunisubiri.

Varlık nililifahamu nikisoma Ankara kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha tu, na mwalimu wetu alitushauri tusome majarida, kwa kuwa ndani yake sentensi ni fupi na mada hubadilika. Basi Jumamosi nilikuwa nashuka Kızılay, naingia mtaa wa Olgunlar wenye vibanda vya vitabu vya mitumba, nachagua matoleo ya zamani. Nilirudi nyumbani na boksi zima. Sasa nafundisha Kiswahili sekondari, na pamoja na walimu wenzangu natoa jarida dogo kila baada ya miezi miwili. Karibu kila tunachofanya tumekitoa kwenye boksi lile.

Ujue mji wako kabla ya kuujazia karatasi

Tarehe 13 Oktoba 1923 Bunge la Uturuki liliamua Ankara iwe makao makuu ya nchi. Siku kumi na sita baadaye, 29 Oktoba, jamhuri ikatangazwa. Istanbul ndiyo iliyokuwa na bandari, chuo kikuu, magazeti, mitambo ya kuchapa na mikahawa ya waandishi. Ankara ilikuwa mji wa nyanda za juu kavu, vumbi kiangazi na theluji wakati wa baridi, na sensa ya 1927 ilihesabu watu kama 75,000 tu. Watumishi wa serikali walihamia huku mioyo yao imebaki pwani. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Uamuzi wetu wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, serikali ikahamia kwa kishindo kuanzia 2016, na mwaka 2018 tukawa jiji. Lakini ukisema unataka kutoa kitabu, bado utaambiwa, "Nenda Dar."

Sasa angalia walichofanya vijana watatu wa Ankara: Yaşar Nabi Nayır, mzaliwa wa Skopje aliyekuwa na miaka ishirini na kitu, pamoja na Sabri Esat Siyavuşgil na Nahit Sırrı Örik. Walianzisha jarida la fasihi wakati ambapo nchi ilikuwa imebadili maandishi yake miaka mitano tu nyuma. Sheria ya Novemba 1928 iliziondoa herufi za Kiarabu na kuleta za Kilatini, kwa hiyo hata msomi wa miaka arobaini alikuwa bado anasoma kwa kuvuta. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, sensa ilionyesha kwamba anayejua kusoma ni kama mtu mmoja kati ya kumi. Kijana akiniambia kwamba jarida haliwezekani kwa sababu Watanzania hawasomi, namrudisha hapo.

Kazi ya kwanza, basi, ni kukaa na karatasi moja na kuandika mji wako una nini ambacho Dar es Salaam haina. Kwa Dodoma orodha haichelewi kujaa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kina wanafunzi wa kila mkoa. Kuna Chuo cha Mipango, kuna St. John's. Kuna watumishi waliohamishwa wakaziacha familia zao pwani, wakitoka kazini Mtumba jioni inakuwa ndefu na hawana pa kuipeleka. Hao ni wasomaji wako wa kwanza, na wengi wao waliandika mashairi shuleni wakaacha. Kuna nyimbo za Wagogo, zeze na ilimba, akina mama wa ngoma ya muheme. Kuna Warangi na Wasandawe upande wa Kondoa na Chemba, na michoro ya miambani ya Kondoa ambayo UNESCO iliiorodhesha 2006. Shaaban Robert mwenyewe aliwahi kufanya kazi Mpwapwa, kwenye idara ya mifugo, miaka ya 1940. Ardhi hii haijawahi kukosa maneno. Imekosa ukurasa.

Tarehe kwanza, jina baadaye

Katika boksi langu matoleo ya miaka ya 1930 yana tarehe 1 au tarehe 15. Jarida lilitoka mara mbili kwa mwezi, baadaye likawa la kila mwezi. Vita Kuu ya Pili ilipita, karatasi ikawa ya shida duniani kote, serikali zikaanguka na nyingine kuingia, jarida likaendelea kutoka. Ukiniuliza siri ya Varlık nitakuonyesha tarehe hizo kabla sijakuonyesha shairi lolote. Msomaji akishajua siku ambayo jarida litafika, huanza kuligojea. Mwandishi naye anajua siku ya mwisho ya kupeleka mswada, kwa hiyo anamaliza.

Kwa hiyo chagueni tarehe mnayoweza kuitimiza katika mwezi mbaya kuliko yote. Kwa huku kwetu miezi mibaya ni miwili. Januari kila mzazi ana ada, sare na madaftari, hanunui jarida. Februari vijijini watu wako shambani, mtama na uwele vinapaliliwa, na barabara za Bahi zinaweza kujaa maji boda asifike. Jarida la mwezi Februari sisi tunalimaliza Desemba, shule zikifungwa, na tunalipeleka vijijini mapema. Siku ya kutoka tumeiweka mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia na kabla haujaisha. Kama hamna uhakika wa kila mwezi, msiahidi kila mwezi. Jarida la mara nne kwa mwaka linalotoka mara nne lina heshima kuliko la kila mwezi lililokwama toleo la tatu.

Yaşar Nabi alilijua hilo mapema. Mwaka 1928 yeye na Siyavuşgil walikuwa miongoni mwa vijana saba waliojiita Yedi Meşale, wakatoa jarida lao, Meşale. Lilikufa baada ya matoleo manane. Varlık lilianzishwa na watu waliokwisha kuzika jarida, na naamini ndiyo maana walilishika kwa mikono miwili.

Awepo mmoja wa kulala nalo

Waanzilishi walikuwa watatu, aliyebaki ni mmoja. Siyavuşgil aliingia zaidi kwenye ualimu wa chuo kikuu, Örik akaendelea na riwaya zake. Yaşar Nabi alilihariri jarida mpaka alipofariki 1981. Ni miaka 48. Alikuwa mshairi, akaandika hadithi na tamthilia, akatafsiri kutoka Kifaransa, na kwa miaka mingi aliajiriwa kwingine ili apate mkate. Lakini leo Waturuki wakimtaja wanamtaja kama mhariri.

Kamati ya watu kumi na wawili yenye mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina haitoi jarida, inatoa vikao. Tafuteni mtu mmoja asiyeona haya kupiga simu mara tatu kuulizia mswada, anayesoma kila kinacholetwa, anayejua bei ya karatasi wiki hii. Wengine wamsaidie. Huyo mmoja mwacheni awe na neno la mwisho juu ya kinachoingia na kisichoingia, hata pale mnapoona amekosea.

Mkubwa akileta fedha

Hili ni la Dodoma hasa, mji wa Bunge na wizara. Vijana wakitaja mfadhili huwa wanamaanisha mheshimiwa fulani.

Ankara ya miaka ile ilizaa majarida matatu makubwa ndani ya miezi kumi na minane hivi. Kadro lilianza Januari 1932, jarida la fikra za siasa na uchumi lililoongozwa na watu wenye vichwa vikali, akiwemo mwandishi maarufu Yakup Kadri Karaosmanoğlu. Ülkü lilianza Februari 1933, likiwa jarida la Halkevi, yaani Nyumba za Watu, vituo vya utamaduni vilivyokuwa chini ya chama tawala. Varlık likafuata Julai. Kadro lilikuwa karibu mno na moto wa madaraka: mwaka 1934 Yakup Kadri aliteuliwa kuwa balozi Tirana, Albania, na jarida likafungwa. Hakuna aliyehitaji kulipiga marufuku, mwenye nalo alipewa cheo mbali. Ülkü lilikuwa na fedha na mtandao nchi nzima, likaishi hadi 1950, chama chake kiliposhindwa uchaguzi. Varlık halikuwa la upinzani. Kurasa zake za mwanzo zimejaa imani kwa jamhuri mpya na mageuzi yake. Tofauti ni kwamba lilikuwa mali ya mhariri wake. Cheo cha mtu hakikuwa uzi uliolishikilia, kwa hiyo cheo kilipokatika lenyewe halikuanguka.

Kwa vitendo ina maana hii. Mbunge akitaka kusaidia, mwambieni anunue nakala hamsini azipeleke kwenye shule za sekondari za jimboni kwake, alipe bei ileile ya dukani, apewe risiti. Hapo amekuwa msomaji. Fedha ya bure inayokuja na picha yake kwenye gamba mrudishieni kwa adabu. Nimeyasema haya mbele ya watu wakubwa na sijapoteza rafiki. Wengi wakishaelezwa vizuri hukubali, wengine hata hufurahi kuchukuliwa kama wasomaji.

Mkiwa mnauzia umma, mnahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Fikeni Idara ya Habari, Maelezo, kabla ya kuchapa, muulize masharti ya mwaka huo. Bahati yetu ni kwamba hatupandi basi kuyafuata hayo.

Kurasa za watoto wa shule

Katika sekondari ya wavulana ya Ankara kulikuwa na marafiki watatu: Orhan Veli Kanık, Oktay Rifat na Melih Cevdet Anday. Wakiwa shuleni walitoa jarida lao, Sesimiz. Kuanzia 1936 mashairi yao yakaanza kutokea Varlık. Mwanzoni yalikuwa ya mizani na vina kama ya wakubwa wao. Mwaka uliofuata wakaleta kitu kingine: mistari mifupi, lugha ya mtu wa mtaani, vina wameviacha. Watu wa heshima walikasirika. Yaşar Nabi, ambaye mwenyewe aliandika mashairi ya mizani, aliyachapa. Mwaka 1941 watatu hao walitoa kitabu cha pamoja, Garip, na ushairi wa Kituruki haukurudi tena ulikokuwa.

Sisi nasi tulipitia ugomvi huo miaka ya 1970, wanamapokeo upande huu na wanausasa upande ule, na hadi leo ukienda kwenye kongamano la Kiswahili mtu anaweza kusimama akasema lisilo na vina si shairi. Mhariri anaruhusiwa kuwa na upande wake. Mimi napenda mizani. Lakini kwenye jarida letu kila toleo lina tathlitha au tarbia isiyo na dosari, na lina shairi huru, na yanakaa kurasa zinazotazamana. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mvumi, fundi wa tarbia, hutuandikia kila toleo likitoka kulalamikia ukurasa wa kulia. Barua zake tunazichapa, na nimeona vijana wa mashairi huru wanazisoma kabla ya kitu kingine chochote. Wawili wameanza kujifunza mizani ili wamjibu.

Nendeni kwenye shule. Ongeeni na mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu, mwombeni insha tatu bora za mwaka na moja mbaya yenye sentensi moja nzuri. Hiyo ya nne ndiyo mara nyingi inamleta mwandishi. Na kijana akiwa na mengi kuliko nafasi, mpeni lakabu. Orhan Veli alichapisha mashairi mengine kwa jina la Mehmet Ali Sel, na hakuna aliyedhurika.

Barua ya mwalimu wa kijijini

Kama mnataka kusoma sehemu moja tu ya maelezo haya, someni hii.

Aksaray iko katikati ya Anatolia, bara la Uturuki, uwanda mkavu ambao ukiupita kwa basi unadhani uko kati ya Bahi na Manyoni, isipokuwa baridi. Huko, katika kijiji cha Demirci, alizaliwa Mahmut Makal mwaka 1930. Alisoma Taasisi ya Kijiji ya İvriz. Taasisi hizi zilianzishwa kwa sheria ya Aprili 1940: mtoto wa mkulima anachukuliwa, anafundishwa masomo ya darasani pamoja na kilimo, ujenzi na ufundi, kisha anarudishwa kijijini kuwa mwalimu. Msomaji aliyesikia habari za Elimu ya Kujitegemea ataitambua sura hiyo. Zilifika 21, zikafungwa 1954.

Makal alianza kufundisha akiwa hajafika miaka ishirini. Kijijini aliona asichokiona kwenye vitabu, akaanza kuandika maelezo mafupi na kuyatuma kwa posta Varlık: mkate unapikwaje unga ukikaribia kwisha, samadi inakaushwaje iwe kuni, watoto wanakaaje darasani bila moto wakati wa theluji, mgonjwa anapelekwa kwa nani. Hakuwa na jina, hakujuana na mtu mjini. Yaşar Nabi, wakati huo akiwa amelihamishia jarida Istanbul, alizisoma barua hizo akazichapa, na mwaka 1950 akazitoa kama kitabu, Bizim Köy, yaani Kijiji Chetu. Nchi ilitikisika. Watu wa mjini walikuwa wameambiwa kwa miaka zaidi ya ishirini kwamba mkulima ndiye bwana wa taifa; sasa mkulima anawaeleza alichokula. Mwandishi alikamatwa mwaka huohuo kwa muda mfupi. Kitabu kiliuzwa kwa wingi, kikatafsiriwa nje, na baada yake wakaja waandishi wengine wa taasisi zile, Fakir Baykurt na Talip Apaydın, wakaibadili riwaya ya Kituruki.

Hapo ndipo jarida la Dodoma lina kazi ambayo jarida la Dar haliwezi kuifanya kwa urahisi. Walimu wako Bahi, Chamwino, Kongwa, Chemba. Wauguzi wa zahanati pia, na maofisa ugani. Wanaona. Kinachowazuia ni kwamba wamezoea kuandika ripoti. Mkiwaomba "makala" wataleta ripoti. Nitawaeleza ninavyofanya.

Mwalimu mmoja alinitumia karatasi mbili za daftari, zikianza: "Wananchi wa kijiji chetu wanakabiliwa na changamoto kubwa ya upatikanaji wa maji safi na salama." Sikuirekebisha. Nilimpigia simu, tukaanza na "Mbukwa", tukaulizana hali, kisha nikamuuliza maswali: Nani anaenda kisimani nyumbani kwako? Anaamka saa ngapi? Ndoo yake ina rangi gani, na anaijuaje kati ya nyingine? Akipata zamu, nani anamsaidia kutwisha? Alinijibu kwa robo saa bila kuvuta pumzi. Nikamwambia, "Hayo uliyoniambia, yaandike hivyohivyo." Yaliporudi yalianza hivi: "Ndoo ya mke wangu huwekwa foleni saa nane usiku, na shemeji hulala pembeni yake akiwa amefunga mpini kwa kamba kwenye mkono wake." Tuliichapa bila kugusa neno.

Kwa hiyo: piga simu, usisahihishe. Uliza saa, rangi, jina la chombo, nani alisema nini. Maneno ya Kigogo au Kirangi yaache yalivyo. Msomaji ataelewa kutokana na sentensi, na wimbo wa Kigogo uchapwe kwa Kigogo na Kiswahili chake ubavuni. Mwandishi akileta maandishi ya mkono, chapa wewe, ila msomee tena kwenye simu kabla toleo halijatoka. Jibu kila barua ndani ya mwezi, hata zile usizozitumia. Mtu wa kijijini aliyeandika usiku kwa taa ya simu, ukimnyamazia hataandika tena, na hutajua umepoteza nini.

Na mlindeni. Kilichompata Makal kinaonyesha kwamba anayebeba mzigo ni aliyeandika, mhariri yuko mbali. Mwalimu ni mtumishi, anaogopa kuhamishwa, na ana sababu. Kabla ya kuchapa jambo linalogusa ofisi au mtu, muulize mambo haya: Umeliona kwa macho yako? Yupo mwingine aliyeliona? Unataka jina lako, lakabu, au herufi? Kijiji kitajwe au la? Majibu yaandikwe na yatunzwe. Mwenyekiti wa kijiji akitajwa, apigiwe naye aseme neno lake. Habari ikiwa ya kweli na imeandikwa bila matusi inasimama yenyewe, na mwandishi wako anaweza kulala.

Fedha zinatoka wapi

Jarida la fasihi halijilishi. Yaşar Nabi alipohamia Istanbul mwaka 1946 alianzisha nyumba ya vitabu yenye jina lilelile, Varlık, akaanza kutoa vitabu vidogo vya bei nafuu, vya kuingia mfukoni: hadithi za Sait Faik Abasıyanık, washairi wa jarida, tafsiri za waandishi wa dunia. Zikawa mamia. Jarida lilimtafutia mwandishi wasomaji, kitabu kikaleta fedha, fedha ikalipia jarida lijalo. Ndiyo, alihama Ankara. Mitambo na soko la vitabu vilikuwa Istanbul, na sitawaficha hilo. Lakini miaka kumi na mitatu ya mwanzo, ile iliyolipa jarida sura yake, aliifanyia kwenye mji wa vumbi.

Sisi tunafanya kwa kipimo chetu. Kila mwaka tunachukua mwandishi mmoja aliyependwa, tunatoa kijitabu cha hadithi zake, tunakiuza kwenye mahafali, harusi za walimu, mikutano ya wazazi, na kwenye banda la Nane Nane kule Nzuguni. Kijitabu kinauzika kuliko jarida. Mtu hununua kwa sababu anamfahamu mwandishi au anatoka kijiji chake, kisha anauliza hilo jarida linapatikana wapi.

Wasajilini wasomaji kwa mwaka mzima, malipo kwa simu, majina kwenye daftari. Chapeni idadi ya waliolipa pamoja na akiba ndogo. Vifurushi vya Mpwapwa, Kibaigwa na Kondoa vinaenda kwa basi, anapokea mwalimu mmoja stendi, naye anapata nakala yake bure.

Karatasi

Hapa sina maneno mengi. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa zenu lazima igawanyike kwa nne: 16, 24, 32. Ndani gramu 80, gamba manila. Pini mbili kwenye mkunjo. Herufi zisishuke chini ya pointi 11. Watu wazima wanasoma jioni kwa mwanga hafifu. Chapeni nakala moja, mpeni mtu ambaye hajawahi kuiona aisome yote na kalamu nyekundu, ndipo mchape zilizobaki.

Msione haya udogo. Orhan Veli, baada ya kuwa maarufu, alitoa Ankara jarida lake mwenyewe, Yaprak, kuanzia Januari 1949 hadi Juni 1950. Lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa. Inasimuliwa kwamba aliuza hata koti lake la baridi ili toleo litoke. Yalitoka matoleo 28, likakoma kwa kukosa fedha, na Novemba mwaka huohuo yeye mwenyewe akafariki, akiwa na miaka 36. Karatasi ile moja bado inazungumzwa. Lakini tazama pia upande wa pili: mshairi mkubwa kuliko Yaşar Nabi, mwenye jina na marafiki, alidumu mwaka mmoja na nusu. Hakuwa na vitabu vya kuuza nyuma yake, na mzigo wote aliubeba yeye.

Tunzeni, na mrithishe

Yaşar Nabi alitunza barua alizoandikiwa na waandishi, na mwaka 1972 akazitoa kama kitabu. Alipofariki, binti yake Filiz Nayır alilichukua jarida. Ipo pia tuzo ya vijana yenye jina la Yaşar Nabi Nayır, ya ushairi na hadithi, inayotolewa na jarida hilo, kwa hiyo mlango alioufungua 1936 bado una wa kuupita.

Kuanzia toleo la kwanza wekeni nakala tano pembeni ambazo haziuzwi. Mbili pelekeni Bodi ya Huduma za Maktaba, moja maktaba ya chuo, moja ibaki kwa mhariri, moja kwa mtu anayeishi mkoa mwingine. Barua za karatasi zipigeni picha, kisha mziweke kwenye bati lenye mfuniko; mchwa wa Dodoma hawachagui. Miswada ya kwenye simu ihamishieni kwenye kompyuta kila wiki. Tangu mwaka wa kwanza, kijana mmoja akae na mhariri siku za kuchagua miswada, asome anachosoma yeye, aseme maoni yake kwanza kabla ya mkubwa kusema. Ikifika mwaka wa tatu mpeni toleo moja alihariri peke yake, tangu simu ya kwanza kwa mwandishi hadi kifurushi cha mwisho stendi.